Redio ya Babu na Vipuri Vyake: Mwongozo kwa Asiyejua Linalomngoja

Ukitaka kujua Luofu ina mafundi wangapi, chukua redio ya zamani iliyokufa, iweke begani, ukatize nayo sokoni. Kabla hujatokea upande wa pili utakuwa umeshaambiwa kwamba ni transfoma, kwamba ni spika, kwamba ni kitu kidogo tu, na kwamba mjomba wa fulani huko Kayna alikuwa na ya namna hiyo hiyo akaiuza kwa dola mia. Hutampata hata mmoja wa kukuambia kwamba hajui. Mwongozo huu ni wako wewe uliyeichukua redio hiyo kwa nia njema, ukidhani kuifufua ni kazi ya Jumamosi moja na kwamba vipuri ni vitu vya kununua dukani.

Kabla ya yote, mikono mfukoni

Redio hizi zilipanda milima ya Lubero, huku kwetu mashariki mwa Kongo, kwa njia chache. Kuna zilizokuja na mapadre Waasumpsio, walioanza utume wao upande huu mwaka 1929. Kuna zilizokuja na walowezi na wafanyabiashara wa kigeni, hasa baada ya Radio Congo Belge kuanza kutangaza kutoka Léopoldville mwaka 1940. Ndiyo maana ndani ya nyumba ya mzee aliyekuwa katekista au karani unaweza kukuta Philips, SBR ya Brussels, au Barco, kampuni iliyozaliwa Poperinge mwaka 1934. Novemba 1973 Mobutu alipotangaza kutaifishwa kwa mali za wageni, maduka yalibadilisha wenyewe, na waliokuwa wakiagiza taa za redio kutoka Ubelgiji wakaondoka na anwani zao. Redio ikawekwa juu ya kabati, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, ikabebeshwa picha ya askofu.

Kosa la kwanza ni kuiosha. Kile kioo cha stesheni chenye majina ya Hilversum, Bruxelles na Beromünster kimeandikwa kwa nyuma, kwa rangi isiyopatana na maji. Kitambaa chenye sabuni kikipita mara moja, Beromünster inaondoka. Ukipita mara ya pili ili kurekebisha, Bruxelles inaifuata. Kipuri cha kioo hicho hakipo Butembo, hakipo Kampala, na huko kilikotengenezwa wenye nacho wamekificha. Futa upande wa mbele tu. Nyuma pitisha brashi laini, bila maji na bila kukazana.

Kosa la pili ni kuichomeka "ili tuone." Geuza redio utazame mgongoni: kuna kitufe cha kuchagulia volti, chenye namba kama 110, 125, 145 na 220. Mwenyewe wa kwanza huenda aliishi mahali penye volti 110 akakiacha hapo. Wewe unaichomeka kwenye jenereta ya jirani inayotoa 220, na baada ya dakika chache nyumba nzima inajua harufu ya transfoma. Yule fundi wa sokoni aliyekuambia ni transfoma sasa atakuwa amesema kweli.

Redio yako ni ya ukoo gani

Ukoo wa kwanza ni redio za taa zinazotumia umeme wa ukutani: sanduku la mbao, kitambaa mbele ya spika, na ndani taa za kioo zenye majina kama ECH81, EF89, EABC80 na EL84. Zilizotoka kwa wenye uwezo zina pia jicho la kijani, EM34 au EM80, linalofumba stesheni ikikaa sawasawa. Watu watakuambia taa ikiwaka ni nzima. Si kweli, taa inaweza kuwaka na isifanye lolote. Kipimo cha haraka ni kutazama lile doa linalong'aa kama kioo cha kujitazamia, ndani ya glasi. Likiwa la fedha au jeusi, kuna matumaini. Likiwa jeupe kama maziwa, hewa imeingia, na hakuna sala ya kuitoa.

Ukoo wa pili ni redio za taa zinazotumia betri, zilizoundwa kwa ajili ya mahali ambapo waya wa umeme haujafika: DK96, DF96, DAF96, DL96. Ukoo huu una jamaa wengi Afrika. Ile redio ya bati la buluu, yenye umbo la sufuria, iliyouzwa Rhodesia ya Kaskazini tangu 1949 kwa pauni 5, ni binamu yao. Betri ya ukoo huu, ya volti 90, haipo tena madukani. Usikate tamaa: betri 10 za volti 9, zile ndogo za mraba, zikipachikwa vichwa kwa vichwa hutoa 90 kamili. Ila nyuzi za kuwashia taa zinataka volti 1.4 tu, yaani betri moja kubwa ya kawaida. Ukichanganya njia hizo mbili utaona mwanga mmoja mzuri sana, taa zote nne kwa pamoja, na somo la siku hiyo litakuwa limekwisha.

Ukoo wa tatu ni redio za transista, za miaka ya 1960 kuja huku. Hizi ndizo nyingi. Mtu akikimbia vita hubeba mtoto, godoro, sufuria, na ile redio ndogo ya kumwambia kama njia ya kurudi iko salama. Sanduku la mbao la kilo kumi hubaki nyuma. Aprili 2009, wapiganaji wa FDLR walipochoma nyumba nyingi za Luofu, yaliyokuwa juu ya makabati yaliteketea pamoja na makabati. Kwa hiyo ukikuta redio ya taa iliyopita yote hayo, ujue haikupona kwa bahati peke yake, kuna aliyeihangaikia.

Karatasi yenye namba

Mgeni wa kazi hii utamtambua kwa karatasi. Ameandika namba zote alizozisoma ndani ya redio, na anaipeleka karatasi hiyo kila meza: "Una OC71? Una 50 maikrofaradi?" Jibu ni moja kila mahali, nalo ni hapana, naye anarudi nyumbani akisema vipuri vimekwisha duniani.

Fundi mzoefu haanzi na namba. Anauliza kile kitu kilikuwa kikifanya kazi gani, kwa volti ngapi, na nani mwingine anafanya kazi hiyo siku hizi. Kapasita iliyoandikwa 50 haitengenezwi sana leo, lakini 47 imejaa kila kona na redio haitagundua. Ya 32 inapokewa na 33. Ya 0.05 inapokewa na 0.047. Usiizunguke Butembo nzima ukitafuta 50 wakati 47 inakutazama.

Cha kuheshimu ni volti. Unaweza kuweka kapasita ya volti nyingi mahali pa chache. Ukifanya kinyume, itapasuka ukiwa umeinama kuitazama. Na kama una nafasi ya kubadili kapasita moja tu katika redio ya taa, badilisha ile inayopeleka sauti kwenye EL84. Zile za zamani zilikuwa karatasi iliyokunjwa na kufunikwa nta, na ukungu wa milimani kwetu umezinywesha unyevu kwa miaka mingi. Ikivuja, EL84 inafanya kazi kupita kiasi hadi chuma chake kinakuwa chekundu, kisha inaondoka pamoja na transfoma ya sauti. Kapasita ya senti chache inaweza kukuulia vitu viwili vya dola nyingi.

Katika redio za transista utakutana na viboksi vya bati vyenye kichwa cha rangi. Karibu zote za Asia zinafuata mpango mmoja: chekundu ndicho kinachoendesha mawimbi ya ndani, cha njano, cheupe na cheusi hufuatana katika kukuza mawimbi yaliyokamatwa. Mpango huo ni zawadi kwako, maana kiboksi cha njano cha redio ya Kichina iliyotupwa kinaweza kushika zamu ya kiboksi cha njano kilichokufa. Zimetengenezwa kwa kilohezi 455. Redio nyingi za Ulaya hutumia 452, 460 au 470, na tofauti hiyo huzibwa kwa kuzungusha kichwa polepole. Zungusha kwa kijiti cha mwanzi kilichochongwa, si kwa bisibisi ya chuma, kwa sababu chuma chenyewe hubadilisha kipimo, na ukikitoa kila kitu kinarudi kombo. Lakini kabla ya hapo jiulize kama fundi aliyekutangulia hakuzikuta skrubu hizo "zimelegea" akazikaza zote. Huyo fundi yupo kila mji. Hakuna redio ya zamani ambayo hakuipitia.

Kamba ya kuhamisha stesheni nayo isikusumbue. Wengi hununua uzi wa nailoni wa ndoano, ule laini unaong'aa, kisha hushangaa mshale unateleza na stesheni haihami. Unaofaa ni uzi uliosukwa, ule wa nyavu, na wavuvi wa Ziwa Edward kule Vitshumbi na Kyavinyonge wanao wa kutosha. Kabla hujautoa wa zamani, piga picha njia yake yote: umezunguka gurudumu mara ngapi, umepita juu au chini. Usipopiga picha utajifunza kwamba uzi wa sentimita 90 una njia elfu za kupita, na moja tu ndiyo yenyewe.

Hazina ya jalala

Sasa twende mahali penye vipuri kweli, yaani jalalani. Zile balbu za kubana umeme, za kioo kilichosokotwa, zilizokuja kwa wingi na kufa kwa wingi, zina ndani ya kitako chake kapasita ndogo ya volti 400 na nyingine bapa za volti hizo hizo. Hizo ndizo hasa redio ya taa inazozitaka. Fungua kitako tu na usivunje kioo, kwa maana ndani mna zebaki. Chaja za simu zilizoungua nazo zina kapasita za namna hiyo. Televisheni za zamani zenye mgongo mkubwa ni ghala zima, ila bomba lao la picha hutunza umeme mkali hata baada ya kuchomolewa; mwachie anayejua kulitoa umeme kwanza. Kapasita yoyote kubwa iguse kwa resista katikati ya miguu kabla hujaigusa kwa kidole.

Utaona basi kwa nini mafundi wa soko hawatupi kitu. Mwenye meza yenye jiko la mkaa la kuchomea chuma cha kulehemu ana makopo ya maziwa ya Nido matatu au manne, kila moja na ukoo wake: transista huku, resista kule, na la mwisho lina "vile tutavijua baadaye." Anapojibu "hakuna," anamaanisha hakuna mezani. Ukikaa, ukamsaidia kupuliza mkaa, ukaeleza kazi ya kitu badala ya namba yake, kopo la mwisho litamwagwa juu ya gunia na mtatafuta pamoja. Mpe bei yake bila kumsumbua. Anachokuuzia ni redio zote alizozifungua tangu ujana wake.

Butembo, na watu utakaokutana nao

Siku itafika utakapolazimika kwenda Butembo, zaidi ya kilomita mia za utelezi na vumbi kwa zamu. Mji huu unaagiza bidhaa hadi Dubai na Guangzhou, na mgeni huamini kwamba mahali panapouza kila kitu pana kila kitu. Jiandae kukutana na watu hawa.

Wa kwanza ni mwenye "iko." Ukimwonyesha picha ya taa ya mwaka 1955 hata haitazami vizuri. "Iko, papa. Iko kwa depo. Ikala kidogo." Mtoto anatumwa. Mtoto anaingia duka la tatu kutoka hapo, ambalo ulishatoka nusu saa iliyopita ukiwa umeambiwa hakuna, na anarudi na taa ya pikipiki. Usikasirike. Mwenye duka ametimiza wajibu wake wa kutokukuacha uondoke mikono mitupu.

Wa pili ana kapasita mpya zinazong'aa, kubwa, za bei ya kufurahisha. Ipime kwa mkono. Ikiwa kubwa na nyepesi kupita kiasi, nunua moja tu uipasue: unaweza kukuta ndani kapasita nyingine ndogo iliyovishwa koti. Rahisi huvunja upishi, na hapa itavunja na transfoma. Transista nazo hufutwa majina na kuandikwa mapya yanayouzika zaidi, kwa hiyo mita yako iwe mfukoni na aibu yako iwe nyumbani.

Wa tatu ni wa spika. Atakuambia spika ni spika. Nyingi ni za omu 8 au 4, na redio nyingi za transista zitashukuru. Lakini kuna Philips za taa za mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960 zisizo na transfoma ya sauti, ambazo spika yake ni ya omu 800. Ukizifunga ya 8, utapata mkwaruzo, kisha kimya, kisha gharama. Soma kilichoandikwa nyuma ya sumaku kabla ya kutupa spika ya zamani. Na kama kilichokufa ni karatasi tu, iliyotafunwa na panya, huhitaji spika mpya: gundi ya mbao iliyozimuliwa kwa maji na karatasi nyepesi ya chooni vitaiziba, ukisubiri ikauke kwa subira.

Wa nne ndiye hatari kuliko wote, kwa sababu ni mwema. Anakuhurumia. Anatoa kibao kidogo cha kielektroniki chenye namba nyekundu, tundu la USB na Bluetooth. "Papa, towa hii mavyuma yote ya zamani, tiya hii ndani. Itaimba leo leo." Ni kweli itaimba leo. Utakuwa na sanduku zuri la mbao lililomeza redio ya dola tano, na yale mavyuma uliyoyatoa yataishia kwenye kopo la Nido la fundi mwenye akili kuliko wewe.

Kuhusu malipo, kagua dola zako usiku kabla ya safari. Yule yule anayekuuzia transista yenye mguu uliovunjika na kuungwa atakataa noti kwa sababu imechanika kiasi cha meno ya sisimizi. Usibishane. Noti haina mguu wa kuunga.

Kasindi na kwingineko

Kipuri kisichopatikana Butembo hufuatwa Uganda kupitia Kasindi na Mpondwe. Ukivuka mpaka, saa yako inatangulia kwa saa moja, kwa hiyo duka ulilopanga kulikuta wazi linaweza kuwa limefungwa bila kosa la mtu. Kampala wengi huanzia soko la Owino kwa vitu vilivyotumika, na Nairobi njia zote za mambo ya umeme huishia Luthuli Avenue. Ukimwagiza dereva au mfanyabiashara, usimpe jina la kitu peke yake. Mpe picha yenye rula pembeni, volti, idadi ya miguu, na kile ambacho utakubali kama hicho hakipo. Bila sentensi hiyo ya mwisho atanunua kilicho karibu na picha kwa sura, na kwa sura hata kifuniko cha kalamu kinafanana na kapasita.

Taa ya kioo inasafiri vizuri ikifungwa ndani ya soksi, soksi ndani ya kopo, na kopo katikati ya gunia la maharagwe. Usimwambie mwendesha pikipiki kwamba ni kitu cha thamani. Mwambie ni mayai. Kwa mayai ana uzoefu.

Barabara ya kusini ina habari zake nyingine. Mwishoni mwa Juni 2024 Kanyabayonga iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na maelfu ya watu wakaingia njiani wakielekea kaskazini. Wakati kama huo usiagize kitu. Redio imengoja miaka hamsini. Inaweza kungoja zaidi, na mtu anayepita vizuizi asibebeshwe waya, betri na vyuma ambavyo atashindwa kuvieleza mbele ya mwenye bunduki.

Ndugu aliye Brussels

Kila familia ina mtu Ubelgiji, na Ubelgiji huenda ndiko redio yako ilikozaliwa. Kwa hesabu hiyo utampigia simu. Kule Brussels, uwanja wa Jeu de Balle una soko la vitu vikuukuu kila asubuhi, na Ulaya nzima ina vyama vya wapenda redio ambao wamejaza magereji yao taa mpya zilizobaki tangu viwanda vifungwe. EL84 hata leo hutengenezwa upya, kwa sababu wapiga gitaa bado wanaitumia kwenye amplifaya zao. Kipuri chako basi kipo, na bei yake mara nyingi ni nafuu kuliko nauli ya kukitafuta.

Tatizo ni ndugu. Anaamka saa kumi usiku kwenda kazini, na wewe unataka aende sokoni kutafuta kitu chenye doa la fedha ndani ya glasi. Mara ya kwanza atasema ndiyo. Mara ya pili atakutumia pesa ununue redio mpya, na hutakuwa na la kusema. Ukitaka afanikiwe, mwandikie herufi na namba kamili, mwambie anunue mbili, na umweleze lile doa jeupe. Na usijifanye hukusikia atakapokuagiza maharagwe ya nyumbani na kahawa. Huo ndio ushuru wa kipuri chako.

Mguu wa nne

Kuna kipuri kimoja ambacho wageni hukitafuta kuliko vyote, nacho ni transista AF117. Hiyo na ndugu zake AF114, AF115 na AF116 zilijaa kwenye redio za Philips na nyinginezo za miaka ya 1960. Ni kikopo kirefu chembamba chenye miguu minne: mitatu ya kazi, na wa nne umeshikana na kikopo chenyewe, kwa ajili ya kuzuia kelele.

Ndani ya kikopo hicho bati huota nywele. Ni nyembamba kiasi cha kutoonekana kwa jicho, na hukua polepole kwa miaka, redio ikitumika au isitumike, hadi unywele mmoja unatoka ukutani na kugusa moyo wa transista. Redio inanyamaza ingawa kila kitu kinaonekana kizima. Mgeni anachukua karatasi yake na kuanza safari: Butembo, Kasindi, Kampala, simu ya Brussels. Akibahatika kupata AF117 iliyokaa kwenye boksi lake tangu 1966, anaifunga kwa furaha. Nayo imenyamaza, kwa sababu nywele ziliota hata humo ndani ya boksi.

Fundi wa makopo ya Nido anafanya hivi. Anachukua mita, anagusa mguu wa nne kwa ncha moja na kila mguu mwingine kwa ncha ya pili. Haipaswi kuwa na mawasiliano yoyote. Mita ikilia kwenye mguu mmoja, anachukua wembe, anakata ule mguu wa nne karibu na kibao, na kukiacha kikopo kikining'inia peke yake. Unywele bado upo, lakini sasa hauna pa kuupeleka umeme. Mara nyingi redio inazungumza hapo hapo, pengine na kelele kidogo. Mita ikilia kwenye miguu miwili, wembe hautasaidia, na ndipo anageukia kopo kutafuta transista nyingine ya kushika zamu.

Ona gharama yake: wembe. Kwa miezi mgeni alikuwa akitafuta jina la kitu, wakati kilichohitajika ni kujua kile kitu kinafanya nini na kimezuiwa na nini. Ukielewa hilo unaweza kuichana ile karatasi.

Ikishawaka

Redio imewaka. Sasa utagundua kwamba kipuri kikubwa kinachokosekana ni stesheni. Redio nyingi za taa zina masafa ya kati na mafupi peke yake, wakati Radio Moto ya jimbo Katoliki la Butembo-Beni iko kwenye FM, na hata Radio Okapi, tangu ilipoanza Februari 2002, wengi wameizoea kwenye FM. Kama redio yako ya Ulaya ina FM, huenda inaishia 100 au 104, na stesheni unayoipenda iko mbele ya hapo. Kama ni ya Japani, inaanzia 76 na kuishia 90, tatizo ambalo kila aliyenunua gari kutoka huko analijua. Kwenye masafa mafupi nako watu wamepungua: mitambo ya Deutsche Welle iliyokuwa Kigali, jirani yetu kabisa, ilizimwa Machi 2015. Bado usiku utapata sauti za mbali, ila zima kwanza chaja na kile kidhibiti cha sola, maana vinapiga kelele kuliko watangazaji wote.

Na sauti ikitoka dirishani, majirani watasikia. Kesho yake asubuhi mama mmoja atafika na redio imefungwa kwenye kitenge. "Papa fundi, yangu nayo ilikufa." Alasiri watafika wawili. Usiseme kwamba wewe si fundi, kwa sababu hakuna atakayekuamini, na usiahidi tarehe. Sema tu: "Acha hapo, nitaiangalia." Katika redio tano zilizokufa kwa maradhi tofauti mna vipuri vya kufufua tatu, na hutavikuta dukani popote kati ya hapa na Mombasa. Lakini andika jina la mwenyewe juu ya kila moja, na uandike ulichotoa na ulikokipeleka. Siku mama atakapoirudia, hatauliza habari za transista. Atahesabu skrubu.